SAMAWARI: CHOMBO CHENYE MOTO NDANI YA MAJI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kama ni asubuhi ya baridi kama hizi zetu za Gesima, natumaini mna kikombe cha chai mkononi. Makala haya yanahusu chai, au tuseme yanahusu maji ya chai kabla hayajawa chai.

Mambo yalianza hivi. Muhula wa kwanza Chama chetu cha Kiswahili kilifanya shindano la kamusi. Mwalimu mlezi anataja neno, mnakimbilia kamusi, wa kwanza kulipata anasoma maana yake kwa sauti. Mimi nilipewa neno "samawati", ile rangi ya mbingu. Kwa haraka zangu kidole kikatua mstari wa juu yake, nikasoma kwa sauti kubwa, "Samawari! Chombo cha kuchemshia maji ya chai!" Darasa zima likaangua kicheko. Alama nikakosa. Lakini mwalimu hakucheka. Aliniuliza, "Haya, hicho chombo kikoje? Kina tofauti gani na birika?" Nikanyamaza jii kama maji mtungini. Akasema, "Basi nenda ukatafute, kisha utuandikie jaridani." Ndiyo haya sasa.

Kuna sababu nyingine iliyonifanya nishike jambo hili kwa mikono miwili. Shangazi yangu ana kibanda cha chai hapa sokoni. Chai ni ya kwetu, majani yanachumwa mlimani pale, maziwa yanatoka jirani, maji ni ya kisimani. Lakini kuni ananunua, na bei ya kuni haijui huruma. Mara nyingi nimemsikia akihesabu pesa jioni akisema, "Faida yangu yote imepanda juu na moshi." Sasa niliposoma kwamba kuna chombo ambacho hutumia vijiti, vibanzi na matunda makavu ya msonobari kuchemshia maji ya jamaa nzima, nilitaka kujua ni kweli au ni hadithi tu za Warusi.

Naam, samawari ni ya Warusi. Jina lenyewe ni la Kirusi, samovar, na limeungwa kwa maneno mawili: "samo", yaani chenyewe, na "var", litokalo katika kitenzi cha kuchemsha au kupika. Kwa hivyo ni "kijichemshacho". Waajemi wanaita samavar, Waturuki semaver, na sisi tunalo letu lililokaa kamusini kimya kimya juu ya samawati. Warusi walianza kujua chai mwaka wa 1638, mtawala wao alipopelekewa zawadi ya majani hayo kutoka kwa mtawala mmoja wa Wamongolia. Inasemekana mjumbe wake hakuitaka zawadi hiyo, aliona ni majani makavu tu. Baadaye chai ikawa inasafirishwa kutoka Uchina kwa misafara ya ngamia, ikawa ghali sana, na kwa muda mrefu ilikuwa ya matajiri.

Mji uliovuma kwa samawari ni Tula, kusini mwa Moscow. Hapo ndugu wawili, Ivan na Nazar Lisitsyn, walifungua karakana yao mwaka wa 1778. Tula ulikuwa tayari mji wa mafundi wa bunduki tangu enzi za mfalme Peter Mkuu, na mtu anayejua kutengeneza bomba la bunduki hawezi kushindwa na bomba la kuchemshia maji. Mji huo ukajaa viwanda vya samawari mpaka Warusi wakawa na methali ya kuonya kwamba mtu haendi Tula na samawari yake mwenyewe. Sisi tungesema mtu habebi majani ya chai akienda Kebirigo au Nyansiongo, maana kiwanda kiko hapo hapo.

Sasa tuje kwenye kiini.

JINSI ILIVYOUNDWA

Ukiitazama samawari kwa nje utadhani ni kikombe kikubwa cha ushindi, kama vile tunavyopewa kwenye michezo ya wilaya. Ina tumbo pana, miguu mifupi, vishikio viwili vya pembeni, na mfereji mmoja mbele. Nyingi zilitengenezwa kwa shaba, nyekundu au ya manjano, zikang'arishwa mpaka unajiona uso. Lakini uzuri wa nje usikupotoshe. Siri imo ndani.

Katikati ya tumbo hilo kuna bomba limesimama wima kutoka chini mpaka juu, limetokeza nje ya mdomo. Moto unawashwa ndani ya bomba hili. Maji yamekaa nje ya bomba, kulizunguka pande zote. Yaani badala ya chombo cha maji kukaa juu ya moto kama sufuria kwenye mafiga, moto umekaa ndani ya maji. Mara ya kwanza nilipoielewa picha hiyo nilisimama kidogo pale maktabani. Jambo ni dogo lakini limegeuza kila kitu.

Chini ya bomba kuna wavu wa chuma ambao makaa hukaa juu yake. Chini ya wavu kuna nafasi ya majivu kudondokea, na kwenye kitako kuna matundu ya kuingizia hewa. Matundu hayo ndiyo pua ya samawari. Ukiyaziba, moto unakufa hata kama makaa yamejaa.

Kwa ndani, ukuta wa tumbo hupakwa bati, kwa sababu shaba tupu ikikaa na maji muda mrefu huharibu maji na inaweza kumdhuru mnywaji. Juu ya tumbo kuna kifuniko chenye tundu la kupitishia bomba, kwa hivyo kifuniko chenyewe kina umbo la pete. Kifuniko hicho kina vitundu vidogo vya kutolea mvuke. Msivione vitundu hivyo kuwa ni urembo. Maji yakichemka hutoa mvuke, na mvuke ukifungiwa hutafuta njia kwa nguvu. Kwa kuwa samawari ina vitundu, haiwezi kuwa bomu.

Mfereji umewekwa juu kidogo ya sakafu ya tumbo, si chini kabisa. Niliwauliza wenzangu kwa nini, wengi wakasema ni fundi tu aliamua. La hasha. Maji yanayochemshwa kila siku huacha magamba meupe ya chokaa, na uchafu huo hutulia chini. Mfereji ukiwa juu kidogo unachota maji safi na kuuacha uchafu ulale. Isitoshe, lazima yabaki maji kidogo ndani daima, na sababu yake nitaieleza kwa uchungu hapo mbele.

Juu kabisa, kwenye mdomo wa bomba, kuna pete yenye nafasi nafasi ambayo huwekwa birika dogo. Kuna pia kofia ya kuzibia bomba. Ukitaka kuzima moto unaweka kofia, hewa inakosa njia ya kupanda, makaa yanalala. Pia kuna kipande cha bomba la ziada kilichopinda kama kiwiko, ambacho huchomekwa juu wakati wa kuwasha ili moshi uelekezwe kwenye dohani ya nyumba.

INAVYOFANYA KAZI

Unatia maji kwanza. Narudia, maji kwanza. Kisha unadondosha vibanzi vya kuni vinavyowaka ndani ya bomba, unaongeza vingine au makaa, unachomeka lile bomba la ziada. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi, kwa hivyo inapanda. Inapopanda inaacha nafasi, na hewa baridi inaingia kupitia matundu ya chini kuijaza. Hewa hiyo mpya inapita katikati ya makaa, moto unazidi, hewa inazidi kupanda. Hakuna anayepuliza. Bomba linajivutia lenyewe, na likiwa refu zaidi mvuto unakuwa mkubwa zaidi, ndiyo maana wakati wa kuwasha huongezwa lile la kiwiko.

Moto ukikataa kabisa, Warusi wa zamani walikuwa na dawa: kiatu. Walichukua buti la ngozi lenye shingo ndefu, wakaivika shingo hiyo kwenye mdomo wa bomba, wakalikunja na kulikunjua kama mvukuto wa mhunzi. Rafiki yangu mmoja aliniuliza kama chai haikunuka soksi. Nadhani hapana, maana buti linakutana na moshi tu, halikutani na maji.

Maji yaliyo karibu na bomba hupata joto kwanza. Yakipata joto yanakuwa mepesi na kupanda. Yale ya pembeni, yaliyo baridi na mazito, yanateremka kwenye ukuta wa nje na kuja kuchukua nafasi kwenye bomba. Kwa hiyo maji yanazunguka yenyewe bila kukorogwa, mpaka yote yawe na joto moja. Warusi wanasema samawari huimba. Mwanzo hutoa sauti nyembamba, baadaye inavuma, na mwisho inagugumia. Shangazi alipoisikia hiyo sauti alisema hata sufuria yake huimba, ila hakuna mtu amewahi kumwandikia makala.

Sasa niruhusuni hesabu kidogo, maana walimu wa fizikia nao husoma jarida hili.

Chukua sufuria yenye kitako cha upana wa sentimita 24. Eneo la kitako chake ni kama sentimita za mraba 450, na hapo tu ndipo moto unapogusa vizuri. Sasa chukua samawari ya kimo cha sentimita 30 ambayo bomba lake la ndani lina upana wa sentimita 8. Eneo la ukuta wa bomba hilo ni kama sentimita za mraba 750. Na tumbo lake likiwa na upana wa sentimita 20, maji yanayoingia ni karibu lita 8. Bomba jembamba namna hiyo linamshinda sufuria mnene kwa eneo la kupitishia joto! Na zaidi ya hapo, joto la mafiga lina njia nyingi za kutoroka. Linaingia sufuria kidogo, lingine linakwenda pembeni, lingine linachoma goti la mpishi, lingine linapaa. Joto la samawari halina pa kwenda isipokuwa kupitia kwenye maji, au juu kwenye mdomo wa bomba, na huko nako kuna birika linalingoja.

Hesabu ya pili. Kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji juli 4,200. Huku kwetu Gesima tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji yetu yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95, si 100 kama ya Mombasa. Tuseme maji ya kisima yana nyuzi 20 na yanachemka yakifika 94. Lita moja inahitaji 4,200 mara 74, yaani juli 310,800. Lita 5 zinahitaji kama juli milioni moja na nusu. Kuni kavu hutoa karibu juli milioni 16 kwa kilo moja. Basi ukigawanya, utaona kwamba lita 5 zingechemka kwa kuni zisizofika gramu 100, kama joto lote lingeingia majini. Gramu 100! Hicho ni kijiti tu. Lakini kwenye mafiga matatu ni kama sehemu moja tu kati ya kumi ya joto inayoingia sufuriani, na ikizidi si kwa mengi. Kwa hiyo shangazi anateketeza karibu kilo nzima kwa kazi ya gramu 100. Nilipomwonyesha hesabu hii alinyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo hizo gramu zingine mia tisa nampikia nani?"

Na kuna wizi mwingine mkubwa zaidi ambao wengi wetu hatuuoni. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara 7 kuliko kuyapasha maji hayo hayo mpaka yachemke. Sufuria ya chai inayotokota mchana kutwa bila kifuniko ikingoja wateja inakula kuni kwa ajili ya mawingu. Samawari, maji yakishachemka, unaacha makaa machache yalale ndani ya bomba, kofia ikawekwa nusu, na maji yanakaa moto muda mrefu bila kutokota.

TULIVYOJARIBU, NA KILICHONIPATA

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa jua kali na mchoro wangu wa penseli. Aliutazama akaugeuza juu chini, akauliza, "Kijana, hii ni sufuria ama ni gari?" Nikamweleza. Fundi akielewa kitu hahitaji maneno mengi. Alichukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, akatoboa kitako na kifuniko, akapitisha kipande cha bomba, akaunga kwa lehemu. Wavu tulitengeneza kwa misumari. Malipo yake yalikuwa mandazi ya shangazi na ahadi.

Jumamosi nikaileta nyuma ya kibanda. Wadogo zangu na watoto wa jirani wamejaa. Mimi kwa kutaka sifa nikawasha moto kwanza ili waone jinsi bomba linavyovuta. Lilivuta kweli! Magunzi ya mahindi yaliwaka mpaka bomba likanguruma. Nikamtuma mtoto mmoja akalete maji. Mtoto akakutana na wenzake njiani, mnajua watoto. Nikiwa bado nasifiwa, nikaona tone jeupe linalong'aa limedondoka chini, halafu la pili. Mmoja akasema, "Inalia machozi." Hayakuwa machozi. Ilikuwa lehemu. Maji yalipofika nikayamimina upesi, nayo yakapita moja kwa moja kwenye ufa, yakaingia motoni, pwaa! Mvuke na majivu vikatoka juu kama nini sijui. Nyusi zangu zilichukua wiki kadhaa kurudi.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini Warusi wanasisitiza maji kwanza. Samawari zao nyingi nazo zimeungwa kwa lehemu. Lehemu ya kawaida huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 200, na moto wa makaa unapita hapo mbali sana. Chuma chenye maji nyuma yake hakiwezi kupanda sana kuliko maji yenyewe, kwa sababu maji yanalinyang'anya joto kila linapofika, na maji hayapiti kiwango chake cha kuchemka. Maji ndiyo yanayoilinda samawari isijiyeyushe. Kwa hiyo yakipungua mpaka chini ya mfereji, ama unaongeza, ama unazima.

Mwalimu wa kemia naye alipopata habari aliniita, nikadhani ni adhabu. Kumbe alikuwa na onyo la maana zaidi kuliko nyusi zangu. Lehemu ya aina tuliyotumia ina madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Mkebe ulioungwa hivyo si wa kupikia chochote cha kunywa. Alisema pia mabati yaliyopakwa zinki yasikaribishwe kwenye moto wala kwenye chai. Jambo la tatu, moto wa makaa hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka ambayo huua watu ndani ya nyumba iliyofungwa, na samawari ni moto wa makaa kama jiko jingine lolote, hata ikiwa inang'aa namna gani. Warusi huiwasha nje mpaka moshi uishe. Sisi tuiache nje moja kwa moja. Wenzangu mtakaotaka kuiga, someni aya hii mara mbili.

NDUGU ZAKE TULIO NAO HAPA

Mtu anaweza kusema, haya ni ya Urusi, yanatuhusu nini? Nilidhani hivyo pia mpaka nilipoanza kuangalia.

Huko Mombasa, Lamu na Zanzibar kuna dele, lile birika la shaba la wauza kahawa, lenye tumbo pana chini, shingo nyembamba na mdomo mrefu kama wa ndege. Muuzaji hulibeba likiwa na kijiko cha makaa chini yake, huku akigonganisha vikombe. Dele si samawari, maana moto wake uko nje, chini ya kitako. Lakini limejibu swali lile lile kwa njia nyingine. Shingo yake nyembamba inazuia mvuke kutoroka, na makaa machache yanatosha kuiweka kahawa moto kutoka mtaa hadi mtaa.

Ndugu wa damu kabisa wa samawari tuko naye karibu, ila ameficha tumbo lake. Viwanda vyetu vya chai vina mitambo mikubwa ya mvuke inayochomwa kwa kuni. Mvuke huo hupasha hewa inayonyausha na kukausha majani. Katika mitambo ya aina hii hewa ya moto hupitishwa ndani ya mabomba mengi yaliyozungukwa na maji. Moto ndani ya maji! Ni samawari yenye mabomba mengi badala ya moja, na iliyofungwa ili mvuke ujenge nguvu, ndiyo maana lazima iwe na kizibo cha usalama kinachofunguka wenyewe mvuke ukizidi. Kwa hivyo majani yale tunayochuma hupitia kwa samawari kubwa kabla hayajafika kwenye kikombe.

Tena garimoshi lililofika Kisumu mwaka wa 1901 lilivutwa na mtambo wa namna hiyo hiyo, umelazwa ubavu juu ya magurudumu. Atakayefika Nairobi aende kwenye makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, ataona injini hizo za mvuke. Na huko Urusi kwenyewe, katika reli ndefu ipitayo Siberia, kila behewa la kulala lina mtambo wa maji moto ya chai mwisho wa ujia. Garimoshi limekuwa la umeme lakini chai haikusahauliwa.

Hata ile koili ya umeme ambayo watu hutumbukiza kwenye ndoo ni wazo lile lile: usiweke joto chini ya maji, liweke katikati yake.

SHANGAZI NA MAZIWA

Samawari ya pili tuliitengeneza kwa sufuria kuukuu ya chuma kisichoshika kutu, na bomba la chuma hicho hicho, fundi akaunga kwa kuchomelea bila lehemu. Hii haikulia machozi. Magunzi na vijiti vya mkaratusi vinatosha. Nikampelekea shangazi nikiwa na kiburi kidogo.

Akaitazama, akafungua kifuniko, akauliza, "Maziwa natia wapi?"

Hapo nikakwama. Warusi hawapiki chai ndani ya samawari. Ndani ni maji tu. Majani huwekwa kwenye lile birika dogo la juu, chai inakuwa nzito na nyeusi sana, kila mtu anamiminiwa kidogo kikombeni kisha anaongeza maji moto kutoka mfereji kwa kadiri anavyopenda. Mwenye moyo mzito anakunywa nzito, mtoto anakunywa nyepesi. Watu wa Kashmir, kule kaskazini ya India, wao hupika kahwa yao ndani ya samawari pamoja na iliki na mdalasini, lakini hata hiyo kwa kawaida haina maziwa. Sisi chai yetu ni maji, maziwa, majani na sukari, vyote vimechemka pamoja mpaka vikapanda. Ukitia maziwa ndani ya samawari yataungua na kugandamana kwenye bomba, na nafasi kati ya bomba na ukuta ni nyembamba, mkono hauingii kusugua.

Nikamshauri auze chai ya rangi. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Wachuma chai wameamka alfajiri na umande umewalowesha mpaka kiunoni, mimi niwape strungi? Chai ambayo haijachemka na maziwa ni maji ya kuoshea kikombe."

Lakini hakuirudisha. Alikaa nayo siku tatu bila kuniambia kitu, na siku ya nne nikakuta amepata njia yake. Alfajiri anawasha samawari. Juu ya bomba, pale pa kuweka birika, ameweka sufuria ndogo ya maziwa, ambayo inapashwa polepole na joto linalotoka bila kufurika. Mteja akija anafungulia maji yanayochemka, anachanganya na maziwa na majani, anavipandisha mara moja tu juu ya jiko dogo la makaa, lile la kikombe cha udongo ndani, na chai iko tayari kabla mteja hajamaliza andazi la kwanza. Mafiga yamebaki kwa maharagwe. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kabla ya Jumatano, wiki hiyo ulifika Ijumaa na vijiti vikabaki. Sisemi zaidi ya hapo, kwa sababu wiki moja si utafiti, na wiki hiyo mvua pia ilipunguza wateja.

Malalamiko anayo mawili. La kwanza, mdomo ni mdogo, kumimina maji alfajiri gizani bila kuyamwaga ndani ya bomba ni kazi. La pili ni kosa langu kabisa. Nilipochora niliiga picha ya samawari ya mezani, nikasahau kwamba Warusi wanaweka kikombe chini ya mfereji, si birika la lita tatu. Birika la shangazi halipiti. Kila mara inabidi aliinamishe ubavu, na maji moto yanamrukia vidoleni.

Fundi ameshakata miguu mipya, mirefu kwa kiganja kimoja. Anangoja mandazi.